Mwezi wa Kumi na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na Mlinzi naye ameanza. Namwita Mlinzi kwa kuwa simjui sura. Ni mmoja wa wale watu wachache wa kujitolea wanaotunza hifadhi kuu ya programu yetu ya takwimu. Programu yenyewe ni huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, anayetaka anauchukua na kuijenga kwenye kompyuta yake ya Linux, na akiwa na akili anaiongezea kifurushi chake ili wengine nao watumie. Mimi niliiongezea Kimo. Daktari akimpima mtoto mwezi kwa mwezi, Kimo ndicho kinachomwambia kama mtoto anakua kweli au anashibishwa maji tu. Nilikiandika nikiwa mhadhiri, nikakitunza nikiwa mjane, na sasa ni mstaafu, mwanangu na mkewe wanakaa kwangu, bado nakitunza. Sina kingine.

Mlinzi anasema Kimo kimeanguka kwenye majaribio yao mapya. Nikirekebishe kabla ya tarehe 15 Aprili, la sivyo kitaondolewa. Hakuna mpendwa, hakuna tafadhali. Nimekijenga upya kwenye kompyuta yangu ya mezani, nimekijaribu chote, hakuna kosa hata moja. Nimemjibu: "Kwangu kinapita."

Jumanne, 5 Machi

Amejibu: "Kwako si hoja." Fedhuli.

Jumatano, 6 Machi

Ujumbe wa kosa aliouambatanisha Mlinzi ni mistari mingi ya herufi za sisimizi, nyeupe juu ya nyeusi. Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho tangu mwaka jana, na la kushoto limeanza kuliiga. Daktari wa macho anasema ni upasuaji mdogo tu. Amfanyie mama yake. Koma na nukta kwangu siku hizi ni mapacha, na hilo sijamwambia mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wa mwanangu nimempa jina la Bi Pole. Ukijikwaa, pole mama. Ukikohoa, pole mama. Juzi chai ilimwagika mezani, nikamsikia anaipa pole chai. Alikuwa anafundisha kompyuta shule ya sekondari mpaka shule ilipogeuza chumba cha kompyuta kuwa stoo ya viti. Tangu hapo yuko nyumbani, anapiga pasi mashati ya mume na kutuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Namwona anavyofungua simu yake kila ikilia, halafu anavyoirudisha mfukoni taratibu, kama mtu aliyeokota ganda akidhani ni pipi.

Leo aliingia chumbani kwangu kufunga dirisha maana mvua ilikuwa inaingia, akanikuta pua imegusa skrini.

"Mama, nikusomee?"

"Nina macho mawili."

"Ndiyo mama. Pole." Akafunga dirisha. Kisha akasimama nyuma ya kiti changu, akaanza kusoma mstari wa kwanza bila kuombwa. Nilitaka kumfukuza. Lakini mstari wa kwanza ukanivutia kwenye wa pili, nikamwacha asome.

Jumatatu, 11 Machi

Anasoma vizuri, lazima niseme. Anayasoma makosa ya kompyuta kama mtangazaji wa vifo redioni, kila jina kwa heshima yake. Nikimrekebisha matamshi hanuni, na hilo linanikera zaidi ya kununa.

Anasema: "Mama, kosa hili halitatokea kwenye mashine yako. Kompaila yako ni ya zamani. Wao wana mpya, wameiwekea ulinzi wa kumbukumbu. Msimbo ukigusa nafasi isiyo yake, inapiga kelele."

Kompaila ndiyo inayougeuza msimbo kuwa programu. Nikamwambia yangu ni ya zamani kuliko ndoa yake na haijanisumbua nusu ya ndoa yake. Akaomba tutumie laptopu yake: aijenge humo programu nzima ya takwimu, toleo linaloendelea kuandikwa, pamoja na ulinzi huo, tuone wanachokiona wao. Mwanzoni alitaka kusakinisha ile iliyokwisha kujengwa na watu wengine, amri moja kazi imekwisha. Mimi tangu ujana wangu sijawahi kutumia iliyojengwa na mwingine. Nikamuuliza kama na mume alimpata ameshalelewa tayari.

"Ndiyo mama," akasema. "Ulimlea wewe."

Sijui ilikuwa sifa au kejeli. Nimeiweka akiba.

Alhamisi, 14 Machi

Kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake si mchezo wa kuigiza. Unaiamuru ijipange, nayo inakagua nyumba nzima kama bibi harusi aliyetoka kwa matajiri. Haina kompaila ya Fortran, lugha ya zamani ya hesabu. Bi Pole akaileta. Haina maktaba, ule msimbo wa kuazima, ya kubana faili. Akaileta. Haina ya kusoma kibodi. Akaileta, ikagoma tena, kumbe ameleta maktaba bila faili zake za kujengea. Huo ndio ujinga wa kila mgeni wa Linux, na nilimwacha ahangaike nao asubuhi nzima hali najua jawabu. Nilikaa kando nikimenya chungwa. Alipoligundua mwenyewe aliniangalia, akajua kwamba nilijua, akasema, "Pole mama, nimekuchelewesha."

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Umeme umekatika ujenzi ukiwa katikati, na betri ya laptopu yake haishiki kitu. Kuanza upya.

Jumatano, 20 Machi

Vilevile. Paa la jikoni linavuja. Mwanangu ameweka ndoo, basi anajiona fundi.

Ijumaa, 22 Machi

Imejengeka! Mistari ilipita na kupita mpaka ikakoma, kisha tukaiamuru ijijaribu yenyewe, kila hesabu ilinganishwe na jibu linalojulikana. Bi Pole alikuwa ananisomea: sawa, sawa, sawa. Ya mwisho ilipokuwa sawa alipiga makofi kama mtoto, akanishika bega, nami nikacheka kwa sauti. Sijacheka hivyo tangu marehemu mume wangu aondoke. Harufu ya mashati aliyopiga pasi ilikuwa bado mikononi mwake. Kwa muda mfupi nilisahau kwamba simpendi.

Jumamosi, 23 Machi

Mwanangu aliuliza mezani kama ni kweli mke wake ameijenga programu ya mama. Alikuwa anang'aa uso. Nikamwambia ana bidii sana; angekuwa na kichwa pia angefika mbali. Mwanangu alicheka nusu, akaacha. Bi Pole aliendelea kupakua chakula, akaanza na sahani yangu kama kawaida.

Jumanne, 26 Machi

Leo tulikijaribu Kimo kwenye ujenzi wake, nacho kikaanguka palepale aliposema Mlinzi. Bi Pole akafungua msimbo wangu. Kimo kina sehemu mbili, ya wavulana na ya wasichana. Ya wavulana niliiandika kwa jasho. Ya wasichana sikuihangaikia, niliinakili ile ile nikabadilisha viwango. Kosa lilikuwa kwenye wavulana. Aliusoma mstari kimyakimya kwanza, jambo nililomkataza, halafu akasema polepole:

"Mama, miezi ni kumi na miwili. Umeitengea nafasi kumi na mbili."

"Najua miezi ni mingapi."

"Lakini mzunguko huu hauishii hapo. Unasoma na mwezi wa kumi na tatu."

"Hakuna mwezi wa kumi na tatu."

"Ndiyo mama. Hakuna. Inasoma nafasi ya jirani. Kwenye mashine yako hapo jirani huwa pana sifuri, ukijumlisha sifuri hakuharibiki kitu. Kwingine panaweza kuwa na namba yoyote."

Yaani miaka yote hii. Mahospitali yote hayo. Nimefundisha vijana wangapi kuhesabu, nikawatoa darasani kwa kukosea moja, na mimi mwenyewe nimekosea moja, na sikuwahi kugongwa kwa sababu jirani yangu alikuwa sifuri. Na mtu wa kuniambia akawa ni huyu, na kanga yake kiunoni, na sauti yake ya kubembeleza mgonjwa.

Nikamwambia: "Uliitwa kusoma. Hukuitwa kufikiri."

Akasema pole mama. Nikamwambia atoke. Akatoka, akarudi kuchukua ndoo iliyojaa ukumbini, akatoka tena.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua usiku kucha. Sisemi naye. Yeye anasema nami: shikamoo mama, chai mama, dawa ya macho mama. Mtu unayemnyima maneno akaendelea kukupa yake anakera kuliko anayekutukana.

Jumanne, 2 Aprili

Amekuja na jambo lake. Alisimama mlangoni akizungusha pete kidoleni.

"Mama, hospitali kuu wametangaza kazi kwenye kitengo cha takwimu. Wanataka mtu aliyewahi kurekebisha programu huria inayotumika kweli. Nikasema, kama nikirekebisha lile la Kimo vizuri, na jina langu likakaa kwenye orodha ya waandishi, hata chini kabisa, kama mchangiaji tu..."

Desturi yetu ndivyo ilivyo. Kila kifurushi kina orodha ya waandishi, mwenye kurekebisha hata mstari mmoja anatajwa, na orodha inaonekana na dunia nzima. Ya Kimo ina jina moja tangu kizaliwe. Nilikataa kumwongeza profesa wangu mwenyewe.

Nikasema nitafikiria. Uso wake ulifunguka kama dirisha. Akanishukuru kabla sijatoa kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Anaimba akifua. Sauti si mbaya.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku zinakwisha na mwanangu naye ananikalia kooni. "Mama, jina lake utaliweka? Maana ameshatuma maombi, ameandika ndani kwamba ndiye aliyerekebisha." Nikamwuliza kwa nini aliandika kabla ya kuniuliza. "Kwa sababu ni kweli, mama," akasema. Huyu mtoto nilimlea mimi, na hajawahi kunijibu hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekata shauri. Nilimwita akae na laptopu yake, mimi kwenye kompyuta yangu ya mezani.

"Nisomee ulichobadilisha. Mstari kwa mstari. Nitaandika mwenyewe, nijue ninachoandika."

Hakuuliza kwa nini asinitumie faili tu, ingawa hiyo ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Alisoma. Mimi nikaandika. Nilipoweka koma mahali pa nukta mkato aliiona kutoka upande wa pili wa meza, akanielekeza kwa sauti ndogo ili nisione haya. Tulipomaliza alivuta pumzi.

"Mama, na upande wa wasichana..."

"Inatosha."

"Ni dakika moja tu, mama, kwa sababu ulinakili, na mle ndani—"

"Nimesema inatosha. Mlinzi hakulalamikia wasichana."

Alipokwenda jikoni nilijaza fomu ya kutuma toleo jipya. Pale penye waandishi niliuangalia mstari ule mrefu kiasi. Ungetosha jina la pili. Nafasi ilikuwepo. Nikaliacha jina langu peke yake, kama lilivyozoea, nikatuma.

Nimeandika hapa nilivyofanya kwa sababu shajara haina mgeni. Sikumwibia. Msimbo ni wangu, kosa ni langu, kwa hiyo na marekebisho ya kosa langu ni yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mlinzi: "Kimepokelewa. Asante." Neno la pili limenishangaza. Kimo kimebaki.

Jumamosi, 13 Aprili

Ameufungua ukurasa wa Kimo kwenye simu yake, pale mezani. Nilimwona akiuteremsha kwa kidole, akiupandisha, akiuteremsha tena. Nilingoja kelele. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yote, makali, ya kumkata ulimi. Akaweka simu kifudifudi, akaniuliza kama naongeza sukari.

Alhamisi, 18 Aprili

Wamemwita usaili pamoja na hivyo. Amekwenda na viatu vya kazini vilivyobaki kabatini tangu shule ilipomwacha, mvua imemnyeshea, amerudi ameloa na anacheka. Nilimsikia akimweleza mume wake ukumbini: "Wameniuliza mbona jina halipo kwenye orodha. Nikawaambia mama mkwe wangu ndiye mwenye Kimo, atawaeleza yeye. Kumbe mkuu wa kitengo ni mwanafunzi wake wa zamani! Amesema atampigia mwenyewe."

Mwanangu akasema, "Basi kazi umeipata."

Nilikuwa chumbani, mlango uko wazi. Walijua uko wazi.

Jumatano, 24 Aprili

Amepiga leo. Ni daktari sasa, mkuu wa kitengo, lakini sauti yake ni ile ile ya kijana niliyemrudisha nyumbani akalie mtihani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekuwa mkubwa."

"Kwa mikono yako, mwalimu. Kimo tunakitumia kila siku hapa. Sasa nina mwombaji, anasema ni mkamwana wako. Wamebaki wawili, yeye na kijana mmoja. Anasema yeye ndiye aliyeligundua lile kosa la Kimo akalirekebisha. Jina lake silioni kwenye orodha, lakini nikasema kabla sijamkata nikuulize mwenyewe. Ukisema ni yeye, kwangu imekwisha, kazi ni yake."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa nayo kinywani, "ni yeye", maneno mawili mepesi kama yale niliyomwandikia Mlinzi. Lakini nikawaona wakizungumza kwenye kitengo kizima: Kimo, miaka yote hiyo, mwezi wa kumi na tatu, mpaka akaja msichana wa kufundisha sekondari akamtoa mzee ujinga. Nikaona wakicheka. Wasingecheka. Lakini mimi niliwaona.

"Alinisaidia," nikasema.

"Kwa namna gani, mwalimu?"

"Alikuwa ananisomea skrini. Macho yangu si mazuri siku hizi."

"Alikuwa anasoma tu?"

"Anasoma tu."

"Basi nimeelewa, mwalimu. Pole kwa macho."

Nilipoweka simu chini nilisikia kikombe kikitua kwenye kisahani nyuma yangu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikiweka mezani, mkono wangu wa kushoto, upande wenye jicho zima kidogo, kama anavyofanya siku zote nisikimwage.

"Pole mama," akasema. "Imepoa kidogo."

Nitaandika ukweli: wakati ule nilijisikia vizuri. Nilijisikia kama mtu aliyefunga mlango baridi ikiwa nje. Chai niliinywa yote.

Alhamisi, 25 Aprili

Haimbi.

Jumatatu, 29 Aprili

Kazi amepewa yule kijana.

Ijumaa, 3 Mei

Mke hakumwambia mume kitu. Mwanangu amejua kwa sababu mkuu wa kitengo, kwa wema wake wa kijinga, amempigia kumpa pole: mkeo asikate tamaa, mama yako ameeleza alikuwa anasoma tu. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha. Ni mpima ardhi, mtu wa kupima kabla ya kusema, lakini leo hakupima.

"Mama, umemwambia anasoma tu?"

"Alikuwa anasoma."

"Mama, mimi nilikuwepo! Nilimwona anarudi kitandani na ule msimbo wako kichwani, anahesabu miezi kwa vidole. Unajua alivyorudi kutoka usaili? Aliniambia mama yako atanisemea. Mimi nikamwambia ndiyo, atakusemea. Mimi ndiye niliyemwambia ndiyo!"

Nikamwambia sitaki kelele nyumbani kwangu.

"Sawa," akasema. "Ni kwako."

Baadaye, nilipoona amefungua kabati, nilimwita nikamwambia nitaliweka jina la mke wake kwenye toleo lijalo. Hata juu kabisa, kama anataka. Alisimama na masanduku mawili mikononi.

"Sasa? Litamsaidia nini sasa, mama?"

Jumapili, 5 Mei

Wameondoka. Mwanangu amepata nyumba karibu na anakopima ardhi sasa, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Bi Pole alifua mapazia kabla ya kuondoka, akayatundika yakiwa na unyevu maana jua hakuna. Dawa zangu za macho amezipanga kwa ukubwa wa chupa, nisihitaji kusoma. Laptopu aliiweka ndani ya mkoba wa mkononi, juu ya magoti, ikaondoka naye.

Aliniamkia, akaniaga. Nilingoja aseme pole. Hakusema.

Jumapili, 12 Mei

Mvua haba. Ndoo ya jikoni imejaa, nimeiacha.

Ijumaa, 17 Mei

Mwanangu alipiga kuuliza hali. Nikasema njema. Yeye akasema njema. Tukamaliza.

Jumatatu, 20 Mei

Mlinzi ameandika. Nilifurahi kwanza kuona kuna aliyeniandikia.

Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno, ikanichukua asubuhi nzima. Kuna kifurushi cha mtu mwingine kinachokitegemea Kimo, nacho kimeanguka. Sehemu ya wasichana, ambayo majaribio ya Machi hayakuigusa. Mwezi wa kumi na tatu. Nirekebishe kabla ya tarehe 3 Juni, la sivyo kitaondolewa.

Kosa lile lile, nililolinakili kwa mkono wangu mwenyewe. Dakika moja tu, mama, alisema.

Jumatano, 22 Mei

Nimejaribu kuujenga ulinzi mpya kwenye mashine yangu. Imejipanga, ikakagua, ikagoma. Inadai kitu. Inakitaja kwenye mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho ni ukungu. Nimesogea, nimerudi nyuma, nimefumba jicho moja, nimefumba la pili. Nilisubiri hata sauti nyuma ya kiti, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Jumamosi, 25 Mei

Nimefungua msimbo wa wasichana nikaurekebisha kwa kukisia. Haukujengeka kabisa. Nimeweka koma mahali, au nukta mahali, sijui ni mstari upi. Nimerudisha ulivyokuwa.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekwisha. Jua limetoka na kila doa ndani ya nyumba linaonekana, hata kwangu.

Nimempigia Bi Pole mwenyewe, si mume wake. Aliitikia mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Sijawahi kumwita mwanangu. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikamweleza yote: Mlinzi, tarehe, wasichana, mstari nisiouona. Nikamwambia namkumbuka anavyosoma. Nikamwambia jina lake nitaliweka kabla ya langu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kama ilivyo tabia yake.

"Ulitaka kuniambia siku ile," nikasema. "Lile la wasichana. Ulikuwa umeshaliona, ulijua pa kurekebisha. Niambie ni mstari gani."

Nilisikia pasi ikiwekwa chini, ile sauti yake ya bati.

"Sikumbuki, mama," akasema, kwa upole wake wote. "Mimi nilikuwa nasoma tu."

Akangoja. Hakukata simu, hana adabu mbaya hiyo; alingoja mpaka nikate mimi, na nilipokawia, akasema, "Pole sana, mama."

Nimekata.

Halafu nimewasha kompyuta yangu ya mezani, na kompaila yangu ya zamani, nikakijenga Kimo kizima upya, wavulana na wasichana. Nikakiamuru kijijaribu. Sikuhitaji macho kwa hilo, kosa likitokea mashine hulia. Nilikaa na kungoja ilie. Haikulia.

Jumanne, 28 Mei

Nimemjibu Mlinzi. Kwangu kinapita.